Trekta Ambayo Mashinisti Hakuinunua

Kila muuza trekta wa Lubumbashi alimjua Mashinisti, na sijui hata mmoja aliyefurahi kumwona akiingia. Aliingia uani taratibu, mikono nyuma, kofia yake ya kazi ya zamani kichwani, na muuzaji aligeuza uso kama mtu aliyeanika nguo akaona wingu. Mashinisti hakuanza kutazama mashine kwa mbele. Alianzia nyuma, akachuchumaa, akatazama upana ulioko kati ya tairi na tairi, akasimama, akazunguka upande wa pili, akachuchumaa tena. Halafu akatia mkono mfukoni akatoa chupa.

Hiyo chupa lazima niieleze, maana bila chupa mtu huyu hamtamjua. Ilikuwa ya dawa ya kikohozi, ya kioo, ndogo, imetiwa maji nusu na kuzibwa kwa nta ya mshumaa. Ukiilaza juu ya kitu kilichoinama, maji yanakimbilia upande wa chini. Kwenye kioo alikuwa amekwaruza alama kwa tupa: maji yakifika pale, hapo mahali pameinama mno na mashine haifai kupita. Kwa chupa hiyo alipima dunia nzima. Alipima njia ya kanisani. Alipima sakafu ya jiko langu akaniambia sufuria zangu siku moja zitajiendea zenyewe Zambia.

Mimi nilikuwa jirani yake kule Katuba, ukuta kwa ukuta, tangu mume wangu akiwa hai. Watu wananiita Mama Fifi. Yeye aliendesha treni za madini mpaka treni zenyewe zikachoka, na jina la kazi likamganda mwilini. Hata padri alimwita Mashinisti. Alizaliwa wapi, na nani, na ukoo wake huko kaskazini una mambo gani, hayo waulizeni ndugu zake. Mimi nasema niliyoyaona na niliyoyasikia kwa masikio yangu haya.

Alikuwa na mlima. Nasema mlima, lakini lilikuwa shamba kubwa la vilima vilivyoshikana, nje ya mji kwenye njia ya kwendea Kambove, kuanzia kijito mpaka mgongo wa juu kabisa. Alipewa na shefu wa zamani, chifu mwenye ardhi ile. Siku moja, angali kazini, alisimamisha treni nzima ya madini porini kwa sababu aliona wanawake wanapunga vitambaa. Mke wa shefu alikuwa kwenye uchungu tangu jana yake na mtoto amekataa kutoka. Mashinisti akampandisha mbele, pamoja na mkunga, akamfikisha hospitali. Kazini walimfokea na kumwadhibu. Shefu akampa mlima.

Sasa, ardhi ya shefu haiuzwi. Unapewa kwa mdomo, mbele ya watu, unapeleka kuku mweupe na unga, na baada ya hapo unaishika kwa kulima. Sehemu isiyoguswa na jembe miaka na miaka, shefu anaweza kuirudisha mikononi mwake akampa mwingine, na hakuna wa kumlaumu. Mashinisti alilima bondeni tu, pale penye tambarare karibu na kijito. Alinipa na mimi kipande changu hapo, nikapanda mahindi na viazi, na kipande hicho ndicho kilichonisomeshea Fifi. Lakini miteremko yote ya juu ilikaa hivyo hivyo, majani na vichuguu. Mikono ya watu haikuiweza. Alihitaji trekta, na alihitaji upesi, kabla shefu wa zamani hajafa. Na mtu wa kuiendesha alikuwa mmoja, Ngoy, mwanawe wa kiume wa pekee.

Hapo ndipo shida ilipolala. Pesa ilikuwepo, alikuwa ameuza kiwanja cha Kamalondo kwa ajili hiyo. Mashine zilikuwepo, zilikuja kwenye makontena kila kiangazi, nyekundu, bluu, kijani. Mtu mwingine angefunga macho akachukua moja. Yeye alichagua. Alichagua kiangazi hiki, akachagua kiangazi kilichofuata, mvua zikaja zikaondoka naye anachagua tu.

Hii ni ndefu, alisema, miguu juu kama kuku wa kizungu, ni ya mashamba ya tambarare. Ile ni nyembamba, wameitengeneza kupita katikati ya mpunga. Hii nyingine inavuta kwa tairi za nyuma tu. Kwenye mteremko wenye umande itateleza kabla hujasema Baba Yetu. Ile ni kubwa mno, uzito wake wenyewe utaishusha. Hii ni nyepesi mbele. Ukifunga jembe nyuma itainua pua. Kila mara alikuwa na sababu, na kila mara, hicho ndicho kilichonikera, sababu yenyewe ilikuwa ya kweli.

Siku moja nikachoka. Tulikuwa tunapalilia bondeni, jua linatupiga mgongoni, na juu yetu miteremko imekaa bure. Nikamwambia wahenga walishasema, mchagua jembe si mkulima. Alinyoosha mgongo akaniangalia bila hasira.

“Mama Fifi,” alisema, “jembe haimuangukiake muntu.”

Nikainamia tena magugu yangu. 

Msidhani alikuwa mwoga. Huyu ni mtu aliyeshusha treni zilizojaa mawe kwenye miteremko ambayo wengine walipiga ishara ya msalaba kabla ya kuifikia. Kanisani aliimba sauti ya chini kwa nguvu kuliko wote, na vibaya kuliko wote, na mwalimu wa kwaya alipomwomba apunguze, akaongeza. Aliwahi kumkamata mwizi wa kebo kwa mkono mtupu, kisha akampa chakula, kisha akampeleka polisi. Lakini akikuona unashuka na toroli mbele yako, alipiga kelele mpaka majirani wanatoka. Toroli inashuka nyuma ya mtu, si mbele. Mkokoteni wa mahindi ukitoka shambani aliufungia gogo kwa nyuma, likaburutwa chini lishike mzigo, na watoto wa njiani wakatucheka mpaka barabarani. Neno lake lilikuwa moja, amelisema mpaka sisi wote tukalisema usingizini: “Kupanda haiko kazi. Kazi ni kushuka.”

Ilipita miaka kabla sijajua lile neno lilitoka wapi. Tulikuwa barazani kwake tunapukuchua mahindi, yeye na mimi, na nilikuwa nimeuliza jambo dogo tu, kwa nini kila mwezi wa kumi na moja anaweka misa na hasemi ya nani. Hakuacha kupukuchua. Akasema alikuwa na mdogo wake. Huyo mdogo wake alikuja mjini bila kazi, naye Mashinisti akazunguka kwa marafiki zake wa mgodini mpaka akampatia kazi Kambove, kuendesha mashine ya kusukuma udongo. Kazi nzuri, mshahara, nyumba. Mvua ya kwanza ilipolowesha rundo la udongo, mashine ikalala ubavu na yeye ndani. Waliinyanyua kwa kamba za chuma. Aliyeitwa kumtambua ni Mashinisti, na alimtambua kwa viatu, kwa sababu ni yeye aliyemnunulia.

“Mi njo nilimutafutiaka ile kazi,” alisema, akatupa gunzi kwenye kikapu akachukua hindi jingine.

Tangu siku hiyo sikumcheka tena kuhusu chupa. Niligombana naye, ndiyo, maana mlima ulikuwa unamponyoka na kipande changu ndani yake. Lakini sikumcheka.

Ngoy hakuwa na subira hiyo. Alikuwa mtu mzima, amechumbia binti wa watu, na wakwe walikuwa wanauliza kijana anafanya kazi gani. Alijifunza kuendesha kila kitu chenye tairi. Alikuwa mpole kama marehemu mama yake, na alimheshimu baba yake kupita kiasi, nadhani. Nilikuwepo siku ile heshima ilipopasuka. Muuzaji mmoja alikuwa ameleta trekta ambayo hata mimi, mwanamke wa jembe la mkono, niliiona kuwa nzuri. Ilikuwa fupi, pana, tairi zote nne zinavuta, ina vyuma vya uzito puani. Mashinisti aliizunguka muda mrefu. Alilaza chupa kwenye kiti, akatazama. Nikaona uso wake unafunguka, na Ngoy naye akaona, akaanza kutabasamu.

Kisha mzee akapapasa nyuma ya kiti na mkono wake ukasimama. Palikuwa na alama mbili za chuma kilichokatwa. Trekta nzuri ina upinde wa chuma juu ya dereva, ili ikipinduka, upinde ndio ubebe uzito na mtu apone. Huu walikuwa wameukata ili mashine iingie kwenye kontena. Muuzaji akacheka, akasema hilo si neno, kuna fundi wa kuchomelea mtaa wa pili, kesho asubuhi utakuwa na upinde mpya. Mashinisti akasema chuma cha kuungaunga kinashika siku zote isipokuwa siku ile moja. Akarudisha chupa mfukoni.

“Baba,” Ngoy alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini, “uko natafuta mashini yenye haiuwe muntu. Ile mashini haiko.”

“Iko. Haiyafika bado.”

“Na mi nitafanya nini mu ile miaka yote?”

“Utaishi,” mzee alimjibu.

Tulipanda gari kurudi nyumbani. Ngoy alikaa upande wangu garini, na niliona anafuta macho akisingizia vumbi. Nilimhurumia yeye, nikamhurumia na baba yake, na moyoni nikawatukana wote wawili.

Basi mzee akaamua kwamba wakati trekta inasubiriwa, mlima uandaliwe. Wasioijua nchi yetu hawajui kichuguu ni kitu gani. Hapa kwetu kichuguu ni kirefu kuliko nyumba, kina miti juu yake, na mteremko ule ulikuwa navyo vingi. Tairi moja ikikwea ubavu wa kichuguu penye mteremko, hata trekta ya malaika italala. Akawaita wafyatua matofali. Kila mtu Lubumbashi anajua udongo wa kichuguu ndio unaotoa tofali zuri, na udongo huo hununuliwa. Yeye akawapa bure. Sharti lake moja tu: mvisawazishe, visibaki.

Nani atakataa udongo wa bure? Walikuja kwa makundi. Wakala kichuguu cha kwanza mpaka usawa wa ardhi, na kwa kuwa udongo wa chini ulikuwa mzuri zaidi, wakaendelea kwenda chini. Siku tulipokwenda kuangalia, Mashinisti alisimama juu ya mteremko akashika kofia yake kwa mikono miwili. Pale palipokuwa na vichuguu sasa palikuwa na mashimo. Kichuguu angalau unakiona ukiwa mbali. Shimo lililoota majani linakungoja kimya. Jamani, nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

Katika shimo moja, lililo refu kuliko yote, mfyatua matofali mmoja alikuwa amekalia jiwe anakula mhogo wa kuchoma. Jiwe lilikuwa la kijani kama sombe iliyopondwa, ile mboga ya majani ya mhogo. Mashinisti alimwomba ainuke. Akalitazama, na hakuhitaji kuuliza mtu, kwa sababu mawe hayo ya shaba ndiyo aliyoyabeba maisha yake yote ya kazi. Akamwambia ateremshe udongo, afukie, na leo leo. Akawaita wote, akawapa unga na samaki wakavu, akawaomba waende nyumbani na wasirudi. Shimo lilifukiwa. Midomo haikufukiwa.

Shefu wa zamani alikufa katika mvua zilizofuata. Aliyekalia kiti chake alikuwa mpwa wake, mtu wa mjini, mkarimu wa maneno. Alikuja shambani na wageni waliovaa buti mpya. Wageni hawakutazama mahindi yetu, walitazama chini. Walipokwisha kuzunguka, shefu mpya alimwita Mashinisti kando, akanena naye kwa adabu sana, huku sisi wanawake tuliopewa vipande bondeni tumesimama na majembe tunasikiliza. Alisema neno la mjomba wake analiheshimu. Lakini mjomba alitoa ardhi ilimwe, na yeye ameona kwa macho yake kwamba miteremko yote haijalimwa hata mara moja. Akasema anajua mzee alikuwa anatafuta trekta. Kisha akatabasamu.

“Lakini, Mzee, si wakubwa wanasemaka: muchagua jembe haiko mulimaji?”

Lile neno nililomrushia mimi kwa utani sasa lilitoka kwenye mdomo ule, na nikaona aibu kana kwamba ni mimi niliyemfundisha. Nilimtazama Mashinisti nikingoja jibu lake. Nilikuwa nalijua jibu lake, lilikuwa jibu zuri. Hakulisema. Alivua kofia, akaitikia kwa kichwa, akatelemka zake kwenye kijito kunawa mikono.

Shefu akauchukua mlima wote, hata bonde tulilolilima, sisi tukaachiwa tuvune tu. Hilo nalo tulihesabu kuwa fadhili.

Na sasa sikieni jambo lililonivunja moyo kuliko yote. Mavuno hayajaisha, muuzaji mmoja wa mjini akatuma salamu kwamba trekta ya Mashinisti imefika. Hakujua kilichotokea. Nikamwambia mzee asiende, ataumia bure. Akavaa shati la kanisani akaenda, nami nikamfuata kwa sababu sikutaka awe peke yake. Ilikuwa pale, katikati ya ua. Fupi, pana, tairi nne zinavuta, uzito puani, breki za kushoto na kulia zinafungwa pamoja zishike kwa mguu mmoja, na upinde juu, mzima, haujaguswa na msumeno. Aliikagua yote, bila kuruka kitu, kama mtu anayenunua. Alipanda kitini, jambo ambalo sikuwahi kumwona analifanya. Akashika usukani, akatazama mbele, na mbele palikuwa na ukuta wa muuzaji.

“Njo hii,” alisema, ndiyo yenyewe.

Akashuka, akamshukuru muuzaji kwa mkono, tukatoka. Njiani aliniomba nisimwambie Ngoy.

Pesa ile ya kiwanja ndiyo iliyomwoza Ngoy. Harusi ilikuwa nzuri, watu walikula bukari, ugali wetu, wakasaza, na Mashinisti aliimba vibaya kwa furaha. Nilidhani basi, angalau hili limekwisha kwa amani. Lakini mwanaume aliyeoa anahitaji kazi, na kazi ilikuwa wapi? Kampuni ya madini ya wale wageni wa buti mpya, iliyopewa mlima na shefu, ilikuwa inaandika madereva. Walitaka watu wanaojua kuendesha kila kitu chenye tairi. Ngoy hakumwambia baba yake mpaka alipokwisha kupewa kofia na buti. Mzee alisikiliza akiwa amekaa, akauliza ni gari la namna gani. Ngoy akasema lori la kubeba mawe, jipya, kubwa, linapanda tupu mpaka mgongoni na kushuka limejaa. Mzee akaenda chumbani akaleta chupa akampa. Ngoy aliipokea kwa mikono miwili, na siku ya kwanza aliiweka mbele ya kioo cha lori kama alivyoagizwa. Msimamizi akaitoa, akasema hataki takataka kwenye gari. Ngoy alimrudishia baba yake jioni hiyo hiyo.

Nilikaa muda bila kuwaona. Fifi alikuwa amejifungua Likasi nami nilikwenda kumsaidia. Niliporudi, jirani akaniambia Mashinisti hashindi tena nyumbani. Anatoka asubuhi na gari la wafanyakazi na kurudi nalo jioni, na hakuna anayejua anafuata nini huko, umri ule. Mimi nilijua. Kesho yake nikafunga bukari na mboga kwenye kitambaa, nikapanda gari la njia ya Kambove nikamfuata.

Sikuutambua mlima. Mgongo wa juu haukuwepo tena, umekatwa, na miteremko iliyobaki ilikuwa myekundu, imechorwa barabara moja inayoshuka kwa kona mpaka chini. Bondeni kwetu wameweka rundo la mawe. Kijito sijui kilikwenda wapi. Mashinisti alikuwa amekaa upande wa pili wa barabara kuu, juu ya tofali, nje kabisa ya uzio, kofia imeshuka usoni kwa ajili ya vumbi. Alikuwa amekonda. Alinisogezea tofali jingine bila kuuliza nimefuata nini, nikakaa.

Tulizungumza kidogo. Aliuliza mjukuu wangu anaitwaje. Nilipotaka kufungua chakula, aliinua kidole ningoje. Juu kabisa, lori lilikuwa limejitokeza kwenye kona ya kwanza, limejaa, linaelea katika vumbi. Sikuweza kujua ni la nani. Yote yalikuwa ya manjano. Yeye alijua. Mkono wake wa kulia ulitoka gotini ukashika kitu hewani, ukaanza kuvuta polepole kuelekea kifuani, kama anavyovuta breki ya treni mtu aliyeivuta miaka yote. Kwenye kona alivuta zaidi. Mishipa ilimsimama shingoni. Mguu wake ulisukuma ardhi, na nikaona chini ya kisigino pamechimbika. Hakupumua mpaka lori lilipogusa tambarare, ndipo vidole vikaachia kimoja kimoja, na mkono ukarudi gotini.

“Ameshuka,” alisema.

Lori likamwaga mawe yake. Mle ndani mtu akapunga mkono upande wetu, upesi, wasimwone. Nikafungua kitambaa nikamwambia mzee ale, bukari inapoa, kisha twende nyumbani tukapumzike, tumekuwa wazee sasa.

Akanishukuru. Akasema nile mimi kwanza, maana Ngoy anapanda tena.